Nyuzinyuzi za Dukani kwa Mtoto Aliyetengenezewa Kifuko cha Utumbo

Watoto na vijana wachache huondolewa utumbo mpana wote kwa sababu ya ugonjwa, kwa mfano vidonda sugu vya utumbo mpana au ugonjwa wa kurithi unaootesha vinyama vingi ndani ya utumbo. Daktari wa upasuaji hukunja mwisho wa utumbo mwembamba, akautengeneza kifuko, kisha akakiunganisha na njia ya haja kubwa. Mtoto anaendelea kujisaidia kwa njia ya kawaida. Upasuaji huu ulielezwa mwaka 1978 na madaktari Alan Parks na John Nicholls wa Hospitali ya St Mark's, London, na sasa unafanyika katika nchi nyingi.

Makala hii ni kwa mama au mlezi ambaye mtoto wake ameshafungwa tundu la tumboni na ameanza kutumia kifuko.

Kwa nini choo kinakuwa chepesi?

Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Kwa mtu mzima hunyonya zaidi ya lita moja kwa siku. Ukiondolewa, choo hutoka kikiwa kama uji. Wiki za mwanzo mtoto anaweza kwenda chooni mara 10 au zaidi kwa siku. Kifuko kikizoea, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja, wengi huenda mara 4 hadi 8 kwa saa 24. Hiyo si kuharisha. Ndiyo hali yake mpya.

Nyuzinyuzi zinasaidiaje?

Wengi wetu tumefundishwa kwamba nyuzinyuzi ni za kulainisha choo kigumu. Inategemea aina.

- Zinazoyeyuka hunyonya maji na kuwa kama ute mzito. Hizi hufanya choo chepesi kishikamane. Zimo kwenye shayiri, ndizi na tufaha lililomenywa.
- Zisizoyeyuka ni kama maganda, pumba na nyuzi za mboga. Hizi husukuma choo kitoke haraka, na zikiwa nyingi zinaweza kuziba.

Mtoto mwenye kifuko anahitaji zaidi aina ya kwanza. Ya dukani inayotumika sana ni maganda ya mbegu yanayouzwa kwa jina la isabgol. Kwenye paketi nyingine utasoma ispaghula au psyllium. Ni kitu kimoja.

Jinsi ya kumpa

1. Usianze kabla daktari wa upasuaji hajaruhusu. Utumbo ulioshonwa unahitaji muda kupona.
2. Kipimo cha mtoto hupangwa na daktari. Mtoto chini ya miaka 6 asipewe kabisa bila maelekezo yake.
3. Anza na kiasi kidogo mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Subiri siku kadhaa kabla ya kuongeza. Ukiongeza haraka, tumbo litajaa gesi.
4. Usimpe unga mkavu. Huvimba ukilowa, na unaweza kumkaba kooni. Changanya vizuri, anywe papo hapo akiwa ameketi, na asilale mara baada ya kunywa.
5. Paketi husema glasi nzima ya maji ili unga usivimbe na kukwama kooni au utumboni. Daktari anaweza kukupa kiasi kidogo zaidi ili choo kiwe kizito. Usipunguze maji kwa kukisia.
6. Dawa nyingine za kumeza zitenganishe na nyuzinyuzi kwa saa 2 hivi, zisizuiwe kufanya kazi.

Andika kwenye daftari: kipimo, chakula, ameenda chooni mara ngapi mchana na usiku, na kama choo kimevuja. Baada ya wiki mbili utaona kama kuna nafuu, na daktari naye ataona. Zisipomfaa, zipo dawa za kupunguza mwendo wa utumbo. Usizinunue mwenyewe.

Usimnyime chakula

Wapo walezi wanaoacha kumpa mtoto chakula cha jioni ili asichafue kitanda au asiaibike shuleni. Kifuko hakiachi kufanya kazi kwa sababu ya njaa. Choo huendelea kuwa cha majimaji, gesi huongezeka, na mtoto hudhoofu. Mpe mlo wa jioni mapema: wali, viazi vilivyomenywa, ndizi mbivu au mtindi. Soda na juisi tamu zipunguze, kwa kuwa sukari nyingi huvuta maji utumboni. Mahindi ya kuchoma, nazi na karanga nzima asile miezi ya mwanzo; baadaye ajaribu kidogo kidogo akitafuna vizuri.

Maji ayanywe kwa siku nzima. Mkojo ukiwa mweusi au mchache, mdomo ukikauka, mpe maji ya ORS na wasiliana na kliniki.

Ngozi ikichubuka, osha kwa maji, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha paka krimu ya zinki.

Acha nyuzinyuzi na umwahishe hospitali akiwa na:

- tumbo kuvimba na kuuma, kutapika, au kutotoa choo wala hewa: huenda utumbo umeziba;
- homa, damu kwenye choo, au kwenda chooni ghafla mara nyingi kuliko kawaida yake: huenda kifuko kimevimba kwa ndani, na nyuzinyuzi haziponyi hilo;
- kulegea, macho kudidimia, au kukosa mkojo.

Mweleze mhudumu mara moja kwamba mtoto hana utumbo mpana na ana kifuko. Si kila kituo kimewahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Weka nakala ya karatasi ya upasuaji pamoja na kadi yake ya kliniki.