Kip, Chep na Arap: Majina ya Kipsigis Yalivyoingia Kwenye Fomu

Mwalimu akiita majina darasani Sosiot, Kaunti ya Kericho, huhitaji kuinua macho kujua nani mvulana na nani msichana. Kipkoech na Chepkoech wote walizaliwa alfajiri, Kibet na Chebet mchana. Kip- au Ki- ni ya kiume, Chep- au Che- ya kike. Baadaye, kwenye somo la Kiingereza, watoto haohao hukaririshwa neno la mfalme na la malkia, la fahali na la ng'ombe jike, kana kwamba jinsia katika nomino ni jambo geni kwao. (Lakini kanuni hii ya Kip- na Chep- ina wakaidi wake: Cheruiyot ni jina la mwanamume.)

Nasaba nayo ilikuwa na neno lake, arap, yaani mwana wa. Kijana akitoka jandoni huchukua jina la baba bila Kip-, hivyo mwana wa Kipkoech akawa arap Koech. Ndiko walikotoka akina Koech, Rotich na Rono waliojaa Kericho nzima. Arap halikuwa la wanawake. Mama aliitwa kwa jina la mtoto wake.

Kisha ikaja serikali na karatasi zake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho, na bila hicho hakupata kazi, iwe shambani au mjini. Karani aliandika alichosikia. Wanawake hawakuwekwa kwenye usajili wa vitambulisho hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1978, mwaka uleule ambao Daniel arap Moi alishika urais. Fomu ilidai jina la ukoo, nao hawakuwa nalo, kwa hiyo likaandikwa la baba au la mume.

Matokeo yake yanaonekana hata katika Olimpiki. Faith Chepngetich Kipyegon, mzaliwa wa Bomet, ameshinda dhahabu ya mita 1500 mara tatu, 2016, 2021 na 2024. Jina lake mwenyewe ni Chepngetich, la mtoto aliyezaliwa ng'ombe wakipelekwa malishoni. Watangazaji wa dunia nzima humwita Kipyegon, jina la kiume.

Mzazi unayekwenda kumwandikisha binti, basi, liandike Chep- lake kwa ukamilifu. Usikubali lifupishwe kuwa herufi C na nukta.