Miaka 40 ya Challenger: Namba mbili zilizogombana

Januari mwaka huu ilitimia miaka 40 tangu chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kisambaratike sekunde 73 baada ya kuruka kutoka Florida, Januari 28, 1986, na kuua watu wote 7 waliokuwamo. Kumbukumbu nyingi zilimtaja mwalimu Christa McAuliffe, mmoja wao, na baridi kali ya asubuhi ile. Chache zilitaja hesabu. Mimi naona hesabu ndiyo sehemu ya msiba ule inayotuhusu zaidi: hatari ya kupoteza chombo katika safari moja ilikuwa kiasi gani, na aliyeikadiria alitumia nini?

Elimu ya kuhesabu kuharibika kwa mitambo ina deni kwa watu wa bima. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alichapisha jedwali la vifo la mji wa Breslau, likionyesha idadi ya wanaobaki hai katika kila umri. Karne ya 20 wahandisi wakaweka vali za redio na beringi mahali pa binadamu. Mchoro waliouzoea unashuka, unalala, kisha unapanda: vifaa vipya hufa kwa kasoro za kiwandani, vilivyosalia hudumu kwa utulivu, halafu uchakavu unaingia. Wakauita mchoro wa beseni.

Wajerumani walionja ugumu wa hesabu hizi katika Vita Kuu ya Pili. Robert Lusser, mhandisi aliyeshughulikia bomu la kuruka la V-1, ameacha jina lake kwenye kanuni inayosema kwamba uimara wa mtambo hupatikana kwa kuzidisha uimara wa sehemu zake. Sehemu 100 ambazo kila moja inaaminika kwa asilimia 99, na zote zinahitajika, hutoa mtambo unaofanikiwa kwa asilimia 37 tu. Mwaka 1951 Msweden Waloddi Weibull akatoa fomula moja ya kueleza jinsi vipimo vinavyotawanyika, akaijaribu kwa chuma, pamba ya India, vimo vya wanaume wa Uingereza na hata upana wa maharage. Mwaka huu fomula hiyo imefikisha miaka 75, na wahandisi bado wanaitumia kila siku.

NASA, shirika la anga la Marekani, ilizijua hesabu hizi ila ikazikimbia. Inaelezwa kwamba makadirio ya kampuni ya General Electric kwa mradi wa Apollo yalitoa uwezekano wa chini ya asilimia 5 wa kufika mwezini na kurudi salama, wakuu wakashtuka, na namba zikawekwa kando. Apollo ikafanikiwa, jambo lililowapa wakuu ujasiri wasioustahili.

Ndipo anapoingia Richard Feynman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya mwaka 1965, mjumbe wa tume ya uchunguzi iliyoongozwa na William Rogers. Wengi wanamkumbuka kwa kipande cha raba ya kuziba maungio ya roketi, alichokitumbukiza katika maji ya barafu mbele ya kamera kuonyesha kwamba baridi huikakamaza. Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuuliza namba. Wakuu wa NASA walimwambia kwamba hatari ya kupoteza chombo ni safari 1 kati ya 100,000. Feynman akapiga hesabu: ungeweza kurusha chombo kila siku kwa karibu miaka 300 na kutarajia kupoteza kimoja.

Afisa wa usalama wa kituo cha Kennedy, Louis Ullian, alikuwa na namba nyingine. Alikusanya rekodi za roketi za nyuma za fueli yabisi, aina iliyosaidia kurusha Challenger, karibu 2,900, akakuta 121 zilishindwa: takriban 1 kati ya 25. Feynman alikubali kwamba uangalifu wa ziada ungepunguza hatari, pengine hadi chini ya 1 kati ya 100, lakini 1 kati ya 1,000 aliona haifikiki.

Kwa simulizi lake mwenyewe, aliwapa wahandisi watatu wa injini na mkuu wao karatasi, kila mmoja aandike makadirio yake ya hatari ya injini kushindwa. Wahandisi waliandika hatari ya karibu 1 kati ya 200 na 1 kati ya 300. Mkuu akaandika maelezo badala ya namba. Alipobanwa akasema: 1 kati ya 100,000.

Wakuu walijitetea kwa rekodi ya safari 24 bila chombo kupotea. Takwimu zina kanuni nyepesi kwa hali hiyo: ukifanikiwa mara zote, gawa idadi ya majaribio kwa 3. Safari 24 zinatoa 8, yaani rekodi ile haikuweza kukanusha, kwa uhakika wa asilimia 95, hatari ya takriban 1 kati ya 8. Rekodi peke yake ingehitaji safari 300,000 salama kuithibitisha namba ya wakuu. Feynman alipoona maoni yake yanataka kupunguzwa makali, alitishia kuondoa jina lake kwenye ripoti. Yakachapishwa kama Kiambatisho F.

Namtaja Ullian kwa heshima kwa sababu alichofanya ni kuhesabu yaliyoandikwa. Hospitalini kwetu hatuhesabu hivyo: mashine ya eksirei hufa, fundi huitwa, ikapona, na hakuna anayeandika ilikuwa imefanya kazi saa ngapi wala kilichokufa ni kipi. Mwaka unaofuata vipuri vinaagizwa kwa kubahatisha, na mgonjwa anaambiwa arudi wiki ijayo. Hili linaniuma, kwa sababu daftari si ghali.

Chombo kingine cha aina ya Challenger, Columbia, kilipotea Februari 1, 2003, katika safari ya 113, na watu wengine 7. Mradi wa vyombo hivyo ulifungwa Julai 2011 baada ya safari 135: vyombo viwili vimepotea, takriban 1 kati ya 68. Wakati huo wataalamu wa NASA walikuwa wamerudia hesabu kwa kuangalia nyuma, wakakuta kwamba kila moja ya safari 9 za mwanzo ilibeba hatari ya karibu 1 kati ya 9.