Nyumba Inayojua na Kukana: Historia ya Kujidanganya katika Tamthilia ya Eugene O'Neill

Utangulizi

Katika mapokeo ya tanzia yaliyoanzia kwa Wayunani, ukweli humfichikia mhusika mkuu hadi karibu na mwisho. Msomaji wa Kiswahili aliyeipitia tafsiri ya S. S. Mushi, Mfalme Edipode (1971), anaifahamu njia hiyo: mfalme anamsaka muuaji, ushahidi unaletwa mmoja baada ya mwingine, na siku anayomjua muuaji ndiyo siku anayojijua mwenyewe. Aristotle aliuhesabu utambuzi wa namna hii kuwa miongoni mwa nguzo za msuko wa tanzia, na wahakiki wengi wamezoea kuupima uzito wa kazi za kitanzia kwa kipimo hicho.

Tamthilia ya Mmarekani Eugene O'Neill, Long Day's Journey into Night, yaani safari ya siku ndefu kuelekea usiku, inakitatiza kipimo hicho. Ndani yake hakuna siri kubwa ambayo wahusika wanakuja kuigundua mwishoni. Mambo yanayoiangamiza familia ya Tyrone yalijulikana nyumbani miaka mingi kabla ya pazia kufunguliwa. Tanzia inazuka wapi, basi, ikiwa kila mtu anajua? Makala haya yanashikilia kwamba inazuka katika kazi ya kuukana ukweli, kazi inayofanywa na familia nzima kwa ushirikiano, na mara nyingi kwa sababu ya mapenzi. Yanashikilia pia kwamba historia ya tamthilia yenyewe, tangu ilipokamilishwa mwaka 1941 hadi ilipotoka mwaka 1956, inaonyesha kuwa mtunzi naye hakusimama nje ya kazi hiyo.

Siku moja ya Agosti 1912

Matukio yote yanatendeka katika nyumba ya likizo ya familia ya Tyrone, kuanzia baada ya kifunguakinywa hadi usiku wa manane, siku moja ya mwezi wa Agosti 1912. Baba, James, ni mwigizaji mashuhuri aliyepata utajiri kwa kuigiza tamthilia moja miaka nenda miaka rudi. Mama, Mary, amerudi majuzi kutoka hospitali alikopelekwa kutibiwa uraibu wa mofini. Jamie, mwana mkubwa, ni mlevi asiye na kazi ya kudumu. Edmund, mdogo wake, anakohoa, na daktari anatarajiwa kutoa matokeo ya uchunguzi siku hiyo.

Mambo mawili yanajulikana tangu onyesho la kwanza, ingawa hayatajwi waziwazi: kwamba huenda Mary ameirudia dawa, na kwamba Edmund ana kifua kikuu. Mary anasisitiza kuwa mwanawe ana mafua tu. Baba na Jamie wanakubaliana kwamba mama asiambiwe. Wote watatu wanamtazama mama kwa wasiwasi, naye akihisi macho yao hushika nywele zake na kuuliza kama zimevurugika. Anapopanda ghorofani, hakuna asiyejua sababu, lakini mazungumzo yanaendelea juu ya hali ya hewa na chakula cha mchana.

Historia ya aibu

Ukanaji huu hauwezi kueleweka vyema ukitengwa na wakati wake. Mofini ilipatikana mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na matumizi yake yakaenea zaidi baada ya kuvumbuliwa kwa bomba la sindano katika miaka ya 1850. Mwishoni mwa karne hiyo, waraibu wengi nchini Marekani walikuwa wanawake wa tabaka la kati walioandikiwa dawa hiyo na madaktari wao. Ndivyo inavyodaiwa kuhusu Mary: alipewa mofini kutuliza maumivu baada ya kumzaa Edmund. Sheria ya Harrison, iliyoweka dawa za aina hiyo chini ya udhibiti wa serikali kuu, ilipitishwa mwaka 1914 tu. Mwaka 1912, kwa hiyo, familia ya Tyrone haimwogopi sana polisi. Inaogopa jicho la jirani na la mwuza dawa, na Mary mwenyewe, aliyelelewa na watawa wa Kikatoliki, anaogopa kwamba maombi yake hayasikiki tena.

Kifua kikuu nacho kilikuwa na historia yake. Robert Koch alitangaza kijidudu chake mwaka 1882, lakini streptomaisini, dawa ya kwanza iliyofaa, haikupatikana hadi mwaka 1943. Katikati ya miaka hiyo, kulitaja jina la ugonjwa kulikuwa kama kutamka hukumu. Babaye Mary alikufa kwa ugonjwa huo huo. Ndiyo maana anapokataa kulisikia jina lake anamkataa mwanawe na kuukataa msiba wa zamani kwa wakati mmoja. Hata ubahili wa James, anayetaka kumpeleka Edmund kwenye hospitali ya bei nafuu, una mzizi katika imani ya Waairishi maskini kwamba mgonjwa wa kifua hasalimiki. Anajidanganya kwamba anaweka akiba, kumbe moyoni amekwisha kumzika mwanawe.

Kukana kama kazi ya wote

Waswahili husema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii inamchukulia mfichaji kuwa ni mgonjwa mwenyewe, na jamii iliyomzunguka kuwa haijui. O'Neill anatupa hali ngumu zaidi: maradhi yamefichwa mbele ya watu wanaoyaona, na kila mmoja wao anashika pembe moja ya shuka iliyoyafunika.

Mfano mdogo wa wiski unaeleza mengi. Jamie anakunywa wiski ya baba yake kisha anajazia maji chupani. Edmund anapotilia shaka kama hila hiyo itamhadaa mzee, Jamie anakiri kwamba huenda isimhadaa; linalomtosha ni kuwa mzee hataweza kuthibitisha. Kanuni ya nyumba nzima imo humo. Uongo wa familia hii haukusudiwi kusadikiwa. Kazi yake ni kuzuia ukweli usipate ushahidi, ili maisha yaweze kwenda hadi mlo unaofuata.

Jambo la kutisha ni kwamba kanuni hii inaendeshwa na upendo. Katika onyesho la kwanza Mary anamwomba Edmund amwamini, kisha anamhimiza atoke nje akapumzike. Edmund anajua kwamba kubaki ndani kutaonekana kuwa ni kumpeleleza mama yake. Anatoka ili kumthibitishia imani yake, na kwa kutoka huko anampa nafasi ya kuirudia sindano. Jamie anapomlaumu baadaye, lawama ni ya haki na tena si ya haki: ni mwana gani angechagua kumlinda mama yake kama askari wa gereza? Hapa O'Neill anawapita wahakiki wanaousoma ukanaji kama udhaifu wa mtu mmoja. Mary hawezi kujidanganya peke yake. Anahitaji watu watatu wanaompenda wa kumsaidia.

Kumbukumbu nayo inatiwa katika kazi hiyo. Mary anasimulia kwamba angeweza kuwa mtawa au mpiga kinanda mashuhuri, na kwamba nyumba ya baba yake ilikuwa ya fahari. Katika onyesho la nne James anamweleza Edmund kwamba mkewe ameyatia chumvi mambo hayo. Lakini James huyo huyo anauenzi wasifu aliopewa na Edwin Booth mwaka 1874, na kujiliwaza kwamba pombe haikumfanya akose hata siku moja jukwaani. Kila mtu ana macho makali kwa uongo wa mwenzake. Usiku wa manane maungamo yanafika: James anakiri kwamba aliuza kipaji chake kwa fedha, na Jamie anakiri kwamba alitaka nduguye aharibikiwe. Maungamo hayo ni ya kweli, lakini yanatolewa na walevi, na saa ambayo Mary hawezi tena kuyasikia. Anaposhuka akiwa amebeba vazi lake la arusi, amekwisha kurudi usichanani. Utambuzi umetimia, na haumwokoi yeyote.

Yaliyoachwa nje

Inajulikana sana kwamba familia ya Tyrone ni familia ya O'Neill. Baba yake, James, aliigiza The Count of Monte Cristo maelfu ya mara. Mama yake, Ella, alipata uraibu wa mofini baada ya kumzaa Eugene mwaka 1888. Kaka yake aliyeitwa Edmund alikufa kwa surua mwaka 1885 akiwa mtoto mchanga. Katika tamthilia mtunzi amebadilishana jina na maiti: mtoto aliyekufa anaitwa Eugene, na kijana aliye hai anaitwa Edmund.

Ukaribu huo umewafanya wahakiki wengi kuisoma tamthilia kama ungamo kamili. Hata hivyo, ungamo hili lina mapengo. Mwaka 1909 O'Neill alimwoa Kathleen Jenkins; mwaka 1910 mwana wao, Eugene mdogo, akazaliwa; na ndoa hiyo ilivunjwa kwa talaka mwaka 1912, mwaka ule ule wa tamthilia. Edmund Tyrone hana mke wala mtoto. Mtunzi aliyeanika sindano ya mama, ubahili wa baba na ulevi wa kaka hakumpa mwanawe mwenyewe hata sentensi moja.

Pengo la pili linahusu mwisho. Tamthilia inafunga kwa usiku usio na mapambazuko, ilhali Ella O'Neill aliushinda uraibu wake mnamo 1914 akisaidiwa na watawa, akaishi hadi 1922. O'Neill aliyajua hayo alipoandika. Mtunzi ana haki ya kuchagua anapokomea, na tanzia hii ilihitaji usiku. Lakini mhakiki anapousifu ukweli wa kazi hii hana budi kukumbuka kwamba kupona kwa mama kumekatwa ili hukumu isimame.

Muswada uliofungiwa

O'Neill alimkabidhi mkewe wa tatu, Carlotta Monterey, muswada huo Julai 1941. Mwaka 1945 nakala iliyotiwa lakiri ilihifadhiwa kwa wachapishaji Random House kwa sharti kwamba isichapishwe hadi ipite miaka 25 baada ya kifo chake. Tamthilia kuhusu nyumba yenye chumba kisichoongelewa ikawa yenyewe imefungiwa chumbani.

O'Neill alifariki Novemba 1953. Random House walipokataa kulivunja sharti hilo, Carlotta alizihamishia haki kwa matbaa ya Chuo Kikuu cha Yale, na tamthilia ikatoka mwaka 1956. Iliigizwa kwa mara ya kwanza Stockholm tarehe 10 Februari 1956, ikafika New York Novemba mwaka huo, na mwaka 1957 ikapata Tuzo ya Pulitzer. Carlotta alijitetea kwa kusema kwamba sharti liliwekwa kwa ombi la Eugene mdogo, ambaye alijiua mwaka 1950, kwa hiyo sababu yake ilikuwa imekwisha. Utetezi huo unapingwa na barua ya O'Neill mwenyewe ya mwaka 1951, mwana akiwa amekwisha kufa, iliyolikariri sharti lile lile. Kwa vyovyote vile, mwana aliyeachwa nje ya tamthilia alirudishwa kwa mlango wa nyuma, ili alibebe jukumu la kufichwa kwake.

Hitimisho

Imeonekana kwamba kukana katika tamthilia hii si upofu wa mtu mmoja unaongoja kuondolewa na utambuzi. Ni mpango wa pamoja kati ya watu wanaojua, uliojengwa juu ya hofu za wakati wake na kulishwa na upendo. Historia ya muswada imeonyesha kwamba mpango huo haukukoma kwenye ukingo wa jukwaa. Mhakiki anayemwamini O'Neill kuwa ndiye pekee katika ukoo aliyesema yote anajiunga na familia ya Tyrone: anamtakia mema anayempenda, na kwa ajili hiyo anakubali kutotazama. Thamani ya kazi hii haipungui kwa kuyaona mapengo yake. Yamkini hapo ndipo inapothibitika, kwa kuwa hata kalamu iliyoufahamu ugonjwa huo kuliko nyingine zote haikuweza kuandika bila kufunika kitu.