Kifaru cha Mezani

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili: kifaru ni mnyama mwenye pembe puani, na kifaru ni gari la vita la chuma. Mwaka 1988 kampuni ya Kiingereza iitwayo Games Workshop ilitoa sanduku la vipande vya plastiki vya kuundia magari matatu ya kubeba askari, ikayapa jina la Rhino, yaani kifaru yule yule. Sidhani kama waungwana wale walikuwa wakifikiri Kiswahili, ila mfano uliowajia wao ndio uliowajia wazee wetu.

Asili ya jambo hili ni ya zamani zaidi. Maofisa wa Prussia walifundishwa vita juu ya meza katika karne ya 19, lakini aliyeuingiza mchezo huo sebuleni mwa raia ni H. G. Wells, kwa kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913. Alipanga askari wa risasi sakafuni, akawaangusha kwa mzinga mdogo wa springi uliorusha vijiti. Humo alidai kuwa vita vya namna hiyo ni bora kuliko vita vya kweli. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaja. Tena ni Wells huyo huyo aliyekuwa amebuni, katika hadithi ya mwaka 1903, The Land Ironclads, magari ya chuma yenye urefu wa futi kati ya 80 na 100 yakivuka mahandaki ya adui. Tarehe 15 Septemba 1916 vifaru vya Waingereza viliingia vitani kwa mara ya kwanza, huko Flers, Ufaransa. Mtu mmoja alikuwa ameota silaha, kisha akaota mchezo wa kutuepusha nayo. Na katika ndoto hizo mbili ile ya kwanza ndiyo iliyotimia upesi.

Mchezo wa Warhammer 40,000, uliotungwa na Rick Priestley na kutolewa mwaka 1987, unasimulia zama za mbali mno, ambapo binadamu wamekwisha sahau sayansi yao na wanatunza mitambo ya mababu kama masalio matakatifu. Ndiyo maana gari jingine la mwaka 1988, Land Raider, minyororo yake inazunguka ubavu mzima kama ya kifaru cha 1916. Mambo ya kesho yamevishwa nguo za jana.

Mwenye kuliunda gari hilo hukata vipande kutoka katika vijiti vya plastiki vilivyovishika, akakwangua kwa kisu alama za kalibu. Gundi yake haigandishi tu. Huyeyusha nyuso mbili za plastiki hata zikawa kitu kimoja, kwa hiyo aliyekosea hana nafasi ndefu ya kutubu. Hupaka rangi ya msingi, kisha rangi ya mwili kwa matabaka mepesi, maana rangi nzito huziba misumari na mistari midogo. Rangi nyeusi iliyozimuliwa huachwa itiririke katika mifereji, ikawa kivuli. Mwisho hugusagusa kingo kwa kipande cha sponji chenye rangi ya kahawia, na gari lililotoka sandukuni asubuhi huonekana limepigana miaka mia.

Wapo wasemao kuwa kazi hii ni kuipamba vita. Neno lao lina uzito, wala halijibiwi kwa kusema kuwa ni mchezo tu. Wafanyakazi wanane wa kifaru cha 1916 walikaa chumba kimoja na injini, katika joto, kelele na moshi wenye sumu uliowalewesha. Matope, masizi na kutu mchoraji huyaweza vizuri sana. Hayo yote ni ya nje. Hata hivyo mtu aliyetumia siku tatu kuchora kutu juu ya mlango mdogo kuliko ukucha ameutazama mlango huo kuliko msomaji wa magazeti atazamavyo picha ya vita, na aghalabu huanza kuuliza gari la namna ile liliundwaje, na akina nani waliingia kwa mlango ule. Wengi wameanzia hapo, wakaishia katika maktaba wakisoma habari za Flers.