Mifereji ya London: kazi ya watu waliofikiri wajukuu

Mji si nyumba na barabara tu. Chini ya udongo iko kazi nyingine, macho hayaioni, nayo ndiyo inayolinda uzima wa watu. Tutazame habari ya London, mji mkuu wa Uingereza.

Zamani uchafu wa vyoo ulitupwa katika mashimo chini ya nyumba. Vyoo vya maji vilipoenea, mashimo yalifurika. Basi watu wakaupeleka uchafu katika mifereji iliyojengwa kwa maji ya mvua, nao ukaingia mto Thames. Na katika mto huo huo wengi walipata maji ya kunywa! Kipindupindu kikaua maelfu ya watu katika miaka ya 1832, 1849 na 1854. Wakubwa walisema harufu mbaya ndiyo inayoleta ugonjwa. Mganga mmoja, John Snow, alisema: Siyo harufu, ni maji. Wachache tu walimsadiki. Akafa mwezi wa Juni 1858.

Mwezi ule ule jua liliwaka sana, na mto ukanuka hata wajumbe wa bunge, ambao jumba lao liko kando ya maji, wakashindwa kukaa. Mapazia yalilowanishwa kwa dawa ya chokaa, bure. Basi kwa siku 18 tu wakapitisha sheria ya kutoa ruhusa na fedha. Vifo vya maskini havikuwaharakisha. Pua zao wenyewe ziliwaharakisha.

Fundi mkuu Joseph Bazalgette alikuwa amekwisha kufanya mpango. Pande zote mbili za mto akajenga mifereji mikubwa ya matofali, toka magharibi mpaka mashariki, yapata kilomita 132. Hiyo ilipokea uchafu kabla haujafika mtoni. Iliinama kidogo kidogo ili maji yaende yenyewe. Mahali pa bondeni, mashine za mvuke ziliyapandisha. Tena hakupimia watu waliokuwapo tu, alihesabu na watakaozaliwa. Kazi ilifunguliwa mwaka 1865. Mwaka uliofuata kipindupindu kilirudi, kikaua watu zaidi ya 5,000 upande wa mashariki, ambako kazi ilikuwa haijaisha. Ndipo wengi walipofahamu kwamba Snow alisema kweli.

Lakini kosa moja lilibaki: uchafu haukusafishwa, ulisogezwa tu kwa watu wa chini ya mto. Na mji ulipokaribia watu milioni 9, hata mvua ndogo iliurudisha mtoni. Ikawabidi kuchimba njia mpya ya kilomita 25, iliyokamilika mwaka 2025.

Nasi, miji yetu inakua upesi. Je, tunajenga kwa watu wa leo tu? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mchimba mfereji hasifiwi sana, maana kazi yake imefunikwa. Lakini wajukuu wataishi kwa hiyo.