Safu ya Lugha: Mzio

Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kuanzia Nanganga hadi Newala, kila anayekohoa husema ana mzio. Sivyo. Wazee waliita mzio kile chakula ambacho mtu hujiepusha nacho kwa kuwa humdhuru au mila imemkataza. Ni jirani wa mwiko. Madaktari wakaliazima kwa mwili unaokikataa kitu kisichomsumbua mwenzako: chavua, vumbi la nyumbani, dagaa. Salfa humwasha koo yeyote aivutaye kwa wingi, na huo ni muwasho. Pumu, ndugu wa pumzi na pumua, ni ugonjwa wa njia za hewa kubana. Mzio huweza kuichochea, lakini si kila mwenye pumu ana mzio.

Nami huumia nisikiapo bangi ikiitwa dawa ya pumu. Wanasayansi wanachunguza kemikali ambazo mwili wenyewe hutengeneza, zenye kazi inayokaribia ya bangi. Mojawapo ni anandamaidi, iliyotambuliwa mwaka 1992 na kupewa jina kutokana na neno la Kisanskriti, ananda, yaani furaha kuu. Uchunguzi huo hauhalalishi moshi, ambao huzidi kuziumiza njia za hewa. Aliyebanwa kifua apewe dawa yake ya kuvuta, na asipopata nafuu awahishwe hospitali ya Ndanda.