Ruzuku si Marejesho

Mweka hazina wa kikundi alinikatiza kabla sijamaliza ukurasa wa pili. "Mwanangu, hapo pa marejesho, hebu rudia." Nikarudia: kikundi kitawasilisha marejesho ya fedha kila baada ya miezi mitatu. Akina mama waliokuwa wakikunja nguo za watoto wakaacha kukunja. Mmoja akasimama, akajifunga kanga upya, akasema jina lake lifutwe. Yule mweka hazina hakupandisha sauti. Aliniuliza tu: "Si mlituambia ni ruzuku? Ruzuku gani ina marejesho?"

Tulikuwa kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo, katika kata moja ya mkoa wa Pwani. Kikundi kilikuwa kimepata fedha kidogo iliyopitia halmashauri, ya kujengea tangi la kuvunia maji ya mvua. Mkataba ulikuja kwa Kiingereza, nami ndiye niliyeutafsiri. Kifungu chenyewe kilidai kikundi kieleze namna fedha ilivyotumika. Ofisini jambo hilo lina jina lake: mtumishi aliyechukua masurufu ya safari akirudi huleta risiti na tiketi, na husemwa amerejesha masurufu. Nikalibeba neno la ofisini nikaliteremsha mtaani bila kuuliza huko linaishije.

Mtaani marejesho ni siku. Ni Jumatano ambayo ofisa mikopo yuko barazani asubuhi, wanachama wamekaa duara, na asiyekuwa na rejesho lake anajua kwamba wenzake watachangishwa au vyombo vyake vitatolewa nje. Mikopo ya namna hiyo watu wenyewe wameshaibatiza kausha damu. Sasa mchukue mama aliyewahi kuamka alfajiri kukopa kwa jirani ili alipe rejesho la mkopo mwingine, umsomee mkataba wenye neno hilo, halafu umwambie atie sahihi. Yule aliyetaka jina lake lifutwe alikuwa na akili timamu. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya nirudi kulichimba neno ruzuku lenyewe, ambalo mpaka siku ile nililiona halina tatizo.

Neno la Kiingereza, grant, lilipitia Kifaransa cha kale likitokea kwenye kitenzi cha Kilatini credere, yaani kuamini. Mwanzoni lilihusu kuahidi na kuthibitisha. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa credit, neno lao la mkopo. Kwa asili hiyo, anayekukopesha na anayekupa ruzuku wote wawili wamekuamini, na kinachowatenganisha ni kile utakachodaiwa baadaye: mmoja anadai fedha yake, mwingine anadai kazi mliyokubaliana na maelezo yake.

Ruzuku yetu ilipita njia nyingine. Mzizi wake ni wa Kiarabu, uleule uliotupa riziki, na mtoaji mkuu kwa mzizi huo ni Mungu. Ar-Razzaq, Mwenye kuruzuku, ni mojawapo ya majina yake, na ndiyo maana Pwani na Visiwani hawakosekani akina Abdulrazak, akiwemo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Wapo pia akina Marzuku, na maana ya jina hilo ni aliyeruzukiwa. Nimeona baadhi ya asasi zikiita mpokeaji wa ruzuku mruzukiwa, kana kwamba neno ni jipya, kumbe wazee walikuwa wakiwapa watoto wao jina hilo zamani.

Kwa hiyo neno linaingia kwenye mkataba likiwa na harufu ya dua. Aliyezoea kuombewa "Mungu akuruzuku mtoto" akisikia "halmashauri inakuruzuku shilingi kadhaa" husikia kwanza upaji, tena upaji usio na stakabadhi. Wapo wataalamu wa maendeleo wanaolilaumu neno kwa sababu hiyo, wakisema linamfundisha mtu kukaa na kungoja. Hapo siwaungi mkono, wamesikiliza nusu. Methali moja yasema riziki haivutwi kwa kamba, nyingine inajibu kwamba riziki ya mbwa iko miguuni mwake. Mswahili akiulizwa anakwenda wapi na kapu kichwani saa kumi na moja alfajiri, husema anakwenda kutafuta riziki. Jasho limo ndani ya neno tangu zamani. Kilichokosekana kwenye mkataba wangu ni kueleza jasho gani, la nani, na litaonyeshwaje.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba neno moja limebebeshwa mizigo mingi. Fungua hotuba za bajeti za Tanzania. Ipo ruzuku ya mbolea, iliyorudi kwa nguvu msimu wa 2022/23. Ilikuwepo ruzuku ya mafuta, shilingi bilioni 100 zilizotolewa Juni 2022 bei ilipopanda. Ipo ruzuku ya vyama vya siasa, ruzuku ya uendeshaji wa shule, ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya za walengwa. Kiingereza hugawa mambo haya kwa maneno mawili au matatu. Fedha inayomwagwa ili kushusha bei ni jambo moja: mkulima akinunua mfuko wa mbolea kwa bei ya ruzuku, haitwi mwisho wa msimu aeleze kila kilo aliimwaga shamba gani. Fedha inayopewa kundi lenye jina, kwa kazi yenye jina, kwa muda wenye mwisho, ni jambo la pili. Mama mmoja wa pale kituoni alikwisha kununua mbolea ya ruzuku. Alipoambiwa kikundi chake kimepata ruzuku, alichota maana kutoka kwenye ule mfuko wa mbolea, na nani angemlaumu?

Na halmashauri yenyewe inaishi kwa ruzuku. Mishahara ya walimu na waganga, fungu la matumizi mengineyo na fedha nyingi za maendeleo hushuka kutoka Hazina kwa jina hilohilo. Mwaka wa fedha 2004/05 ulipoanza utaratibu wa ruzuku ya maendeleo kwa serikali za mitaa, halmashauri zilikuwa zikipimwa kila mwaka. Isiyotimiza masharti ya chini, hesabu zake zikiwa ovyo kwa mfano, ilikosa fungu hilo. Ofisa anayewaambia akina mama walete risiti naye ana mtu anayemdai risiti, hadi kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwenye hati zake safi, zenye shaka na mbaya. Nilipowaeleza hivyo akina mama, uso wa mweka hazina ulilainika kidogo. "Kumbe na wao wanaulizwa," alisema.

Kuna jambo lililozidi kunichanganyia kazi, nalo ni asilimia kumi. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 ilipoongeza kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ni mkopo usio na riba, na sheria haijaficha hilo. Lakini haina riba, inatoka serikalini, mara nyingi inakabidhiwa kwenye hafla yenye hundi kubwa ya kadibodi na wageni rasmi, na vikundi vimezoea kuiita tu "fedha ya halmashauri". Wengi waliipokea kama ruzuku. Ripoti za ukaguzi zimekuwa zikirudia mwaka hadi mwaka habari ya fedha zilizokopeshwa na kutorejeshwa, na mwaka 2023 Serikali iliusimamisha utaratibu huo ili kuutengeneza upya, kabla ya kuurudisha. Sisemi kwamba mabilioni yalipotea kwa sababu ya msamiati. Vilikuwepo vikundi hewa, na uzembe pia. Ninachosema ni kwamba mkopo ulipoitwa kama zawadi watu hawakulipa, na ruzuku niliyoiita kama mkopo nusura watu waikimbie. Ni kosa lilelile, limegeuzwa upande.

Wapo wanaokimbilia maneno mengine ili kukwepa mkanganyiko huu, hasa msaada na ufadhili. Hapa nina msimamo mkali. Ufadhili umetoka kwenye fadhila, na fadhila humweka mpokeaji chini ya shukrani. Mtu binafsi akitoa mali yake, mwite mfadhili, anastahili. Lakini fedha ya halmashauri imetoka wapi? Sehemu yake imetoka kwenye ushuru wa soko, ada za leseni, kodi za vibanda, maegesho. Wanne kati ya wale akina mama wana meza za nyanya na dagaa pale sokoni, na kila siku wanakatiwa risiti ya ushuru. Kuwaambia kwamba halmashauri imewafadhili ni kuwataka washukuru kwa kurudishiwa sehemu ya jasho lao. Ruzuku angalau haina deni la heshima ndani yake. Inaweza kupokelewa na mtu aliyesimama wima.

Nchini Kenya mambo yamekaa tofauti kidogo. Redioni na magazetini, ruzuku huzungumzwa zaidi pale bei inaposhushwa, kama ile ya unga ya Julai 2022 iliyoshusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 100. Fedha ya kaunti au ya serikali kuu kwa vikundi utasikia ikiitwa mgao, ufadhili, au kutajwa kwa jina la hazina inayoitoa. Tena hazina huko ni mfuko wowote maalumu, kama Hazina ya Uwezo inayokopesha vikundi bila riba; Tanzania ukisema Hazina umetaja ofisi inayoshika mkoba wa nchi. Anayetafsiri nyaraka za pande zote mbili aandike akilijua hilo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 202, inaruhusu kaunti kupewa mgao wa ziada wenye masharti au usio na masharti, na mgawanyo huo ningependa tuuazime kwa upana zaidi. Ruzuku yenye masharti na ruzuku isiyo na masharti: maneno yote tunayo, hayahitaji kamati.

Niseme pia kuhusu mpokeaji, kwani naye ametafsiriwa vibaya. Mikataba mingi humwita "shirika lisilo na faida". Msomee fundi seremala maneno hayo umwulize ameelewa nini: shirika lisilofaa kitu. Wengine huandika lisilotafuta faida, na hapo ni nafuu, ingawa kikundi kinachouza maji ya tangi lake ili kilipe mlezi wa watoto kinatafuta faida, na ni haki yake. Jambo la msingi ni kwamba faida hiyo haiishii mifukoni mwa wanachama. Inarudi kwenye kazi. Kwa hiyo naandika lisilogawana faida. Ni refu kuliko lisilo na faida kwa silabi chache, lakini mweka hazina akilisoma anajua mara moja kile kilichokatazwa na kile kilichoruhusiwa.

Baada ya kikao kile niliomba siku tatu. Nilirudi kwenye mkataba nikaweka ukurasa mpya wa mwanzo, wenye aya moja: fedha hii ni ruzuku yenye masharti, kikundi hakitairudisha, kikundi kitaeleza, kwa risiti na kwa maandishi, namna kilivyoitumia. Marejesho ya fedha yakawa taarifa ya matumizi. Malipo yaliyogawanywa niliyaita awamu, kwa kuwa neno hilo kila mtu analijua tangu enzi za kujenga shule kwa michango. Saruji ambayo kikundi kingenunua kwa fedha yake, pamoja na siku za kuchimba msingi, niliita mchango wa jamii, na nikaomba thamani yake iandikwe kwa shilingi. Nguvukazi isiyoandikwa huonekana haikuwepo, na mwisho wa mwaka taarifa husema tangi limejengwa na mtoa ruzuku peke yake.

Yule mama aliyetaka kufutwa jina alikuja akiwa na mjukuu mgongoni. Katibu alisoma mkataba wote kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na palipokuwa na neno geni alisimama hadi mtu mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Mweka hazina alikuwa amenunua daftari la kaunta na rula, na wakati wengine wakiuliza maswali yeye alikuwa akipiga mistari: tarehe, tumelipa nini, kwa nani, kiasi, namba ya risiti. Alipofika safu ya mwisho akaacha nafasi, akainua kichwa.

"Na tukinunua vyote, tangi likasimama, pesa ikabaki?"

Nikamwambia hiyo inaitwa bakaa, na kwa mkataba huu bakaa inarudi halmashauri.

"Basi hapo ndipo pa marejesho," alisema, akaliandika neno hilo juu ya safu ya mwisho.

Nililiacha kwenye mkataba pia, mahali hapo pamoja tu. Tangi lilipokamilika bakaa ilikuwa shilingi elfu kumi na nane na mia tano. Waliipeleka wawili, mweka hazina na katibu, wakarudi na stakabadhi, na imebandikwa ndani ya jalada la daftari.